Samaki Wanaelea, Maji Yamegeuka Rangi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mtu akikuta samaki wamekufa mtoni, neno la kwanza kumtoka ni "wamemwaga sumu." Pengine ni kweli. Lakini kwenye mabwawa, maziwa madogo na mito iendayo polepole, kisa kinachojirudia zaidi ni samaki kukosa oksijeni, na kilichowanyima oksijeni ni mbolea au majitaka yaliyoingia siku nyingi kabla. Kote kuwili kuna uchafuzi, ila chanzo chake, mhusika wake na namna ya kuukomesha havifanani hata kidogo.

Kosa linalorudiwa ni kuchota maji kwenye chupa ya soda, kuyapeleka maabara na kuomba wapime "sumu zote". Hakuna maabara yenye kipimo hicho. Ukisema zebaki, watapima zebaki. Kiuatilifu ambacho hukukitaja hakitaonekana, na majibu yatarudi yakisema hakuna kilichopatikana, huku harufu ya samaki waliooza ikiwa bado puani mwako. Kazi kubwa hufanyika ukingoni, kwa macho na pua, kabla ya chupa ya kwanza kujazwa.

Kwanza, hesabu walio hai

Maiti huvuta macho, lakini wazima ndio wenye habari. Jiulize: ni viumbe gani wamekufa na ni gani wanaendelea na maisha kama kawaida? Samaki wadogo wapo? Konokono wanatembea? Ukigeuza mawe, chini yake kuna wadudu na lava wao? Vyura wanalia usiku? Halafu tafuta mpaka: panda juu ya mto hadi ufike mahali ambapo hakuna kilichokufa. Kilichosababisha kifo kiliingia kati ya hapo na maiti ya kwanza, na mara nyingi mpaka huo utakukuta umesimama kando ya bomba, mtaro au kijito kidogo kinachoingia.

Muda nao una uzito. Andika saa uliyofika, hali ya hewa ya siku mbili tatu zilizopita, na kama mvua ilinyesha. Usitegemee kumbukumbu.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri, wakubwa wanakufa kabla ya wadogo

Hii ni oksijeni, hadi ithibitike vinginevyo. Mchana mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku nayo huivuta kama viumbe wengine wote, kwa hiyo kiwango hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Samaki wakubwa huhitaji oksijeni nyingi zaidi, ndiyo maana hutangulia kufa. Wadogo hubaki wakichota safu nyembamba ya juu inayogusana na hewa. Samaki wanaoweza kuvuta hewa moja kwa moja, kama kambale na kamongo, huendelea bila shida. Maiti nyingi huwa midomo wazi na matamvua yametanuka.

Maji baridi ya nyuzi 20 yakishiba hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya 7.5 hivi. Samaki wengi huanza kutaabika chini ya 5, na chini ya 2 wengi hawaponi. Kwa hiyo joto peke yake hupunguza akiba, halafu uozo unamalizia kilichobaki.

Uozo huo umetoka wapi? Majitaka ya binadamu, kinyesi cha mifugo, mabaki ya viwanda vya sukari, maziwa au kahawa: vyote hulisha bakteria, na bakteria hula oksijeni. Mbolea hupita njia ndefu zaidi: inakuza mwani, mwani unafunika maji, unakufa kwa pamoja, unaoza. Kuna chanzo cha tatu ambacho watu hukisahau. Mtu akipulizia dawa ya magugu ya majini bwawa zima kwa siku moja, dawa yenyewe huenda isimuue samaki hata mmoja, lakini magugu yote yanaoza kwa mpigo na samaki wanakufa wiki moja baadaye. Aliyepulizia ataapa kwamba dawa yake ni salama kwa samaki, na kwa maana finyu atakuwa anasema kweli.

Kipimo cha oksijeni kinafanyika palepale, na kifanyike kabla jua halijachomoza. Ukipima saa nane mchana utapata maji mazuri na utaondoka na jibu la uongo.

Samaki wa kila ukubwa wanakufa kwa pamoja, wakati wowote

Hapa ndipo sumu ya moja kwa moja inapopanda juu ya orodha. Wadogo wakitangulia, shaka inaongezeka. Ukiona samaki wanazunguka ovyo, wanarukaruka au wamepinda mgongo kabla ya kufa, mfumo wa fahamu umeguswa, na viuatilifu vya wadudu ndivyo vya kushukiwa kwanza.

Rudi kwenye mawe yako. Wadudu na kamba wa maji baridi wamekufa lakini konokono wazima: dawa ya wadudu, hasa jamii ya pairethroidi, ambayo kwa samaki na wadudu wa majini ni hatari kwa kiasi kidogo mno ingawa ndege huivumilia. Konokono na mwani ndio waliokufa: fikiria shaba, ambayo hutumika kuulia mwani na ukungu wa mimea, na ambayo huwa kali zaidi katika maji laini yasiyo na chokaa. Matamvua yamegeuka kahawia kama chokoleti: nitriti, ambayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni hata kama majini imejaa tele. Matamvua mekundu kupita kawaida: sayanidi imo kwenye orodha, hasa kama juu ya mto kuna uchenjuaji wa dhahabu.

Amonia inahitaji maelezo kidogo kwa sababu inawachanganya hata wenye vipimo. Majini huwa na sura mbili, moja yenye chaji isiyo na madhara makubwa, nyingine isiyo na chaji inayopenya kwenye matamvua. Katika nyuzi 25, maji yenye pH (kipimo cha utindikali) 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya ile ya hatari; yakifika pH 9, zaidi ya theluthi ya amonia yote imegeuka sumu. Mwani unapofyonza hewa ya ukaa mchana, pH hupanda. Kwa hiyo bwawa lenye amonia ileile laweza kuwa salama asubuhi na kuua saa tisa alasiri. Amonia bila pH na joto ni namba isiyo na maana; ukiletewa majibu ya namna hiyo, yarudishe.

Sumu ya mpigo mmoja huteremka na mto kama bonge. Januari 30, 2000, bwawa la mabaki ya uchenjuaji dhahabu karibu na Baia Mare, Romania, lilipasuka na kumwaga maji yenye sayanidi yaliyofika mto Tisza wa Hungaria na kisha Danube. Katika tukio kama hilo, anayechota maji pale samaki walipofia amechelewa, kwani sumu imeshapita. Piga mahesabu ya mwendo wa maji, ukaiwahi mbele.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa salmoni aina ya coho kwenye vijito vya mijini, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Kwa miaka mingi walikuwa wakifa saa chache baada ya mvua kubwa, kabla ya kutaga, ilhali chum, ndugu zao wa karibu, walipita katika maji yaleyale bila kudhurika. Kila sumu iliyozoeleka ilipimwa na kuondolewa hatiani. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba ni kemikali inayozaliwa pale kinga ya mpira wa matairi iitwayo 6PPD inapokutana na ozoni. Vumbi la matairi hukaa barabarani, mvua ikija hulisukuma mtoni. Hakuna aliyemwaga chochote.

Oksijeni iko juu, lakini wanakufa

Hii ni dalili ya ajabu na watu huipita wakidhani kifaa kimeharibika. Kati ya Julai na Agosti 2022, mamia ya tani za samaki walikufa katika mto Oder, kwenye mpaka wa Poland na Ujerumani. Siku za mwanzo gumzo lilikuwa zebaki. Vipimo havikuiunga mkono. Vilichoonyesha ni mambo matatu ambayo hayakupaswa kukutana mtoni wakati wa joto: oksijeni juu, pH juu, na maji kupitisha umeme kuliko kawaida.

Oksijeni na pH vikipanda pamoja mchana, kuna mwani mwingi unaofanya kazi kwa nguvu. Maji kupitisha umeme sana maana yake ni chumvi. Mwani uliopatikana ulikuwa Prymnesium parvum, uitwao mwani wa dhahabu, ambao kwa kawaida hupenda maji ya chumvichumvi ya karibu na bahari. Sumu yake huharibu matamvua, na kome na konokono nao hawakupona. Chumvi ilitoka kwenye maji ya viwanda na migodi. Ukame ulikuwa umepunguza mto, kwa hiyo kiasi ambacho zamani kingezimuliwa safari hii kilibaki kikali, na joto likasaidia.

Basi muuaji alikuwa nani? Mwani, ndiyo. Lakini bila chumvi mwani huo usingepata makao. Ninapotoa ushauri mimi husisitiza kifaa cha kupima upitishaji umeme wa maji, kwa sababu ni kidogo, hakihitaji kemikali, na kinakuonyesha kwa dakika moja bomba gani linabadilisha mto. Pima juu ya kila mtaro na chini yake. Namba ikiruka, simama hapo.

Maji ya kijani kama rangi iliyomwagika

Si kila ukijani ni hatari. Chovya kijiti: ukikitoa kimening'iniza nyuzi kama nywele, ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukuta, shuku sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani. Kipimo cha pili ni mtungi wa kioo uliojazwa karibu robo tatu, ukaachwa usiku kucha bila kutikiswa: mwani wa kawaida kwa sehemu kubwa huzama, sianobakteria hupanda na kufanya tabaka juu. Vaa glavu.

Sio wote wenye sumu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Wenye sumu ya ini huua kwa saa kadhaa au siku. Wenye sumu ya mishipa ya fahamu huua kwa dakika, kiasi kwamba mnyama huanguka karibu na alipokunywa. Mwaka 2020 huko Botswana, eneo la delta ya Okavango, zaidi ya tembo 300 walikufa. Pembe zilikuwa zimebaki, kwa hiyo ujangili ukatoka kwenye orodha mapema. Maiti nyingi zilikuwa karibu na madimbwi. Serikali ilitaja sumu ya sianobakteria kuwa ndiyo chanzo.

Mambo mawili usifanye. Usichemshe maji hayo ukidhani yamekuwa salama. Sumu ya ini haiharibiki kwa kuchemka. Na usiwaue sianobakteria bwawani kwa shaba wakiwa wameshatanda, kwani wakipasuka wote siku moja huachia sumu yote siku hiyohiyo. Tiba ni kuzuia fosforasi na nitrojeni zisiingie, kazi ya miaka, na matope ya chini huendelea kurudisha fosforasi ya zamani muda mrefu baada ya bomba kufungwa.

Utando, povu, rangi ya chungwa

Utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua: uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande visirudiane, ni bakteria wa chuma, jambo la asili. Ukizunguka na kujifunga tena, ni mafuta. Povu la kahawia lenye harufu ya udongo hutokana na majani yaliyooza. Povu jeupe lenye harufu ya manukato linatoka kwenye sabuni.

Maji ya chungwa yenye ute laini na pH ya kawaida, tena ni bakteria wa chuma. Chungwa lililoganda kwenye mawe, pH chini ya 4 na hakuna mdudu, ni tindikali ya mgodi: miamba yenye salfa imegusana na hewa na maji, na tindikali inayozaliwa inayeyusha metali njiani. Na maji angavu kupita kiasi, unayoona hadi chini, yasiwe ya kukufurahisha upesi. Wakati mwingine yako hivyo kwa sababu hakuna kinachoweza kuishi ndani yake.

Ndege na wanyama wa nchi kavu

Kabla ya yote, usiguse kwa mikono mitupu. Homa ya ndege na sumu vinaweza kuonekana sawa kwa mbali.

Tumbusi, mbweha na fisi waliokufa wote hatua chache kutoka mzoga mmoja, makucha ya ndege yamekunjwa, na nzi waliokufa wametapakaa juu ya nyama: hiyo ni sumu iliyotegwa, mara nyingi kiuatilifu kabofurani au jamaa zake wanaokwamisha mishipa ya fahamu. Nzi ndio ushahidi. Mzoga wa kawaida haukosi nzi walio hai.

Bata na ndege wa majini wamelegea shingo, hawawezi kuruka, wamepangana ukingoni mwa maji ya vuguvugu yaliyotuama: huenda ni botulizimu, sumu ya bakteria. Funza wanaokula maiti huibeba, ndege wengine wanakula funza, na mzunguko unaendelea. Kuokota maiti haraka huukata.

Tai au bata aliyekonda, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani: madini ya risasi. Hutoka kwenye vipande vya risasi za bunduki vilivyobaki ndani ya matumbo ya wanyama waliowindwa, au kwenye vizito vya ndoano. Marekani ilipiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991.

Ukikuta tumbusi wanakufa mmoja mmoja, mbali na mzoga, wakiwa na shibe, mpasue, au tafuta daktari wa mifugo ampasue. Unga mweupe kama chokaa juu ya ini na moyo ni jongo la ndani: figo zimekufa. Asia Kusini ilipoteza zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa spishi tatu kwa namna hiyo, na mwaka 2004 ndipo ilipothibitishwa kuwa chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe siku chache kabla ya kufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ipo dawa mbadala, meloksikamu, isiyowaua tumbusi.

Hakuna maiti, lakini watoto hawaonekani

Hii ndiyo dalili inayonihofisha zaidi, kwa sababu haina harufu wala mtu wa kupiga picha. Wakubwa wa spishi wapo, viota vipo, na mwaka unapita bila makinda.

Mayai yanapasuka chini ya mama yake: kemikali za kukaa muda mrefu. Derek Ratcliffe alionyesha mwaka 1967 kwamba maganda ya mayai ya kozi Uingereza yalikuwa yamekonda tangu miaka ya 1940, na mabaki ya DDT, dawa ya wadudu, yakabainika kuwa ndiyo sababu. Viinitete vyenye midomo iliyopinda au bila macho: seleniamu, kama ilivyoonekana mwaka 1983 kwenye hifadhi ya Kesterson, California, iliyopokea maji ya mifereji ya umwagiliaji. Konokono wa baharini wa kike wanaota viungo vya kiume: tributilitini, kemikali iliyotiwa kwenye rangi za zamani za kuzuia viumbe kung'ang'ania meli. Samaki dume wenye mayai ndani ya korodani, chini ya bomba la majitaka: homoni za kike, zikiwemo za vidonge vya uzazi wa mpango. Katika ziwa la majaribio huko Ontario, Kanada, nanogramu 5 hadi 6 kwa lita za homoni ya vidonge hivyo zilitosha kulifuta karibu kabisa kundi la samaki wadogo ndani ya miaka michache.

Vyura wenye miguu ya ziada hudanganya. Mara nyingi chanzo ni mnyoo anayewaingia viluwiluwi akitoka kwa konokono. Lakini mbolea huongeza mwani, mwani huongeza konokono, na konokono huongeza mnyoo.

Zebaki ina ngazi yake. Bakteria kwenye matope yasiyo na oksijeni huigeuza kuwa methili ya zebaki, nayo huongezeka kila kiumbe kimoja kinapokula kingine, hivyo maji yanaweza kupita vipimo huku samaki mlanyama akiwa hafai. Huko Minamata, Japani, paka waliokula samaki walianza kutetemeka na kutumbukia baharini kabla ugonjwa wa binadamu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kiliendelea kumwaga hadi 1968. Kwa sumu za aina hii, pima mlaji wa juu na matope. Maji yaache mwisho.

Sampuli zitakazosaidia

Chagua samaki anayekufa au aliyekufa sasa hivi, macho angavu na matamvua mekundu au ya waridi. Aliyevimba hafai. Kwa viuatilifu, mfunge kwa karatasi ya alumini na umgandishe. Kwa uchunguzi wa tishu, mweke kwenye barafu tu, usimgandishe, maana barafu ikiundwa ndani hupasua seli. Maji ya viuatilifu na mafuta yawekwe kwenye chupa ya kioo cheusi, yajae hadi mdomoni. Maji ya metali yawekwe kwenye chupa ya plastiki inayotolewa na maabara. Chota pia juu ya ule mpaka uliouona, pale ambapo hakuna kilichokufa. Bila sampuli hiyo, wakili wa mwenye bomba atasema mto ulikuwa hivyo tangu zamani, na hutakuwa na cha kumjibu.

Kwenye fomu ya maabara, usiandike "sumu". Andika hivi: "Wadudu wamekufa, konokono wazima, ilianza saa sita mchana siku moja baada ya mvua, mashamba yamepuliziwa juu ya mto, tunaomba viuatilifu vya jamii ya pairethroidi na oganofosfati." Wakipata maneno hayo, wanajua mashine gani ya kuwasha.